Mapitio ya Kitabu Bila Kumwaga Mtama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Msimuliaji akisema "Hadithi, hadithi," tunaitikia "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Sijawahi kumsikia mtu akiitikia "Tuambie kwanza iliishaje." Haya hapa ni maswali ninayoulizwa na watu wanaoanza kuandika mapitio ya vitabu: walimu, wanafunzi, na wasomaji wa kawaida wenye simu na maoni yao. Nimejibu kwa kirefu pale penye mambo, na pengine nimepita tu.

Mapitio ya kitabu ni nini hasa? Si ndiyo uhakiki ule ule wa shuleni?

Siyo, na wengi wetu huteleza hapa hapa. Shuleni tulimwandikia mwalimu ambaye kitabu anakijua kuliko sisi. Unaanza na muhtasari, unaingia kwenye maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa. Kisha fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Ukiwa Tanzania unafunga na "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi". Mtahini anataka uthibitishe kwamba ulifika ukurasa wa mwisho, kwa hiyo nani alikufa na nani aliolewa ni alama zako. Miongozo ya vitabu teule nayo imejengwa hivyo: mwanafunzi ajue yote hata kama kitabu chenyewe hajakifungua.

Msomaji wa mapitio ni mtu mwingine kabisa. Huyu amesimama dukani na kitabu mkononi, na bei yake ni sawa na kilo kadhaa za unga. Anataka kujua kitu kimoja tu: anunue au akirudishe kwenye rafu? Unamwandikia mtu ambaye bado hajasoma. Kila ninapokutana na mapitio yaliyomwaga kisa chote, naona kivuli cha daftari la kidato cha nne; mwandishi bado anatafuta alama.

Nieleze kisa mpaka wapi?

Mpaka fundo linapofungwa, ukomee hapo. Kulifungua mwachie mwandishi. Riwaya nyingi hufunga fundo lao katika robo ya kwanza, kwa hiyo kitabu cha kurasa 200 kinakupa kama kurasa 50 za kuchezea. Hicho ni kipimo cha jikoni tu, si cha maabara. Kuna waandishi wanaofunga fundo ukurasa wa pili, na wapo wanaokuzungusha mpaka katikati.

Tuchukue mfano. Naubuni hapa hapa, usiutafute madukani. Mwanaidi, karani wa bandari ya Tanga, anarudi Pangani kumzika baba yake. Mtaani wanamwamkia kwa jina lisilo lake. Baadaye sana anakuja kujua kwamba aliyezikwa hakuwa baba yake mzazi, na kwamba mzazi ni yule mzee anayewauzia waombolezaji kahawa kila alfajiri.

Mapitio mabovu yataandika: "Riwaya hii inamhusu Mwanaidi, ambaye anagundua kwamba baba yake halisi ni muuza kahawa." Sentensi moja, na kurasa 150 zimekwenda na maji. Mimi ningeandika hivi: "Mwanaidi anarudi Pangani kuzika, na siku ya kwanza tu mtaa mzima unamwita kwa jina asilolijua. Jibu kila mtu analo, na kila akiuliza anaongezewa chai." Hapo msomaji amepewa swali, na swali ndilo litakalomfanya atoe pesa.

Je, mzee wa kahawa nimtaje? Unaweza, ila mtaje kama muuza kahawa, tena akiwa pamoja na majirani wengine wawili watatu. Ukimtaja peke yake, halafu ukamrudia tena aya ya mwisho, msomaji mwerevu ataanza kujiuliza huyu mzee ana nini.

Wapo wanaotumia maelezo ya jalada la nyuma kama mpaka: kilichoandikwa pale ni halali, kisichoandikwa ni siri. Ni kipimo kizuri, lakini si msahafu. Nimewahi kusoma jalada lililotoboa jambo la sura ya mwisho kabisa. Jalada likikosea, si lazima ukosee nalo.

Ukiacha kusema nani alikufa, ni nini kingine kinachofichua?

Lugha yenyewe, tena kwa vijineno ambavyo hatuvitilii maanani.

Neno "marehemu" ni la kwanza. Unamsifu mhusika, unateleza na kuandika "marehemu Sudi alikuwa mcheshi", na Sudi kwenye sura ya kumi bado anakula na kunywa. Kisha kuna -ngali-. "Laiti Sudi angalimsikiliza dada yake" ni sentensi tamu, ila imetoboa mambo mawili kwa mpigo: hakusikiliza, na yakamkuta. Maneno ya ujamaa nayo ni hatari. Ukimwita mtu "mkwewe" wakati sura ya kwanza anaingia kama mpangaji tu, umeshapitisha harusi.

Halafu lipo hili ambalo nadhani wenye Kiswahili tunalidharau. Kiambishi chetu cha a- hakimtofautishi mwanamume na mwanamke. Mwandishi wa hadithi ya upelelezi anaweza kuandika "aliingia, akafunga mlango, akazima taa" na usijue ni nani kati ya Bakari na Saada. Mwandishi wa Kiingereza lazima ahangaike sana kuificha siri hiyo. Wetu anapewa bure na sarufi. Sasa mwandishi kajibana sura nane bila kusema, wewe unakuja kwenye mapitio na "bibi huyu katili". Kazi ya miezi imekwisha kwa neno "bibi".

Kulinganisha pia kunafichua. "Kinaishia kama kile cha fulani" ni mtama wa vitabu viwili kwa mkupuo mmoja. Na picha: watu hupiga picha ukurasa wenye maneno mazuri, wakapigia mstari sentensi moja, wakasahau kwamba aya ya chini yake inasomeka vizuri kabisa.

Nikisema tu "mwisho wake utakushangaza", nimekosea?

Kidogo. Msomaji aliyeambiwa kuna mshangao hasomi tena, anawinda. Niliwahi kuandika kuhusu riwaya moja kwamba muuaji ni "mtu usiyemdhania kabisa". Nilijiona mwangalifu. Binamu yangu alisoma mapitio, akachukua kitabu, akakaa na kalamu. Kila aliyeonekana wa kushukiwa akamfuta. Wakabaki wawili: mpishi na mwalimu wa madrasa. Hajafika ukurasa wa 100 akawa ameshampata. Alinipigia simu usiku ule, na hakupiga kunishukuru.

Riwaya za upelelezi basi zinaandikiwaje, kama zote ni siri?

Andika kuhusu akili ya mpelelezi, jibu liache. Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa mwaka 1960, alimpa kiko, akampa na Najum wa kuandamana naye. Unaweza kujaza mapitio mazima kwa kueleza Bwana Msa anavyopima maneno ya watu, anavyoikataa hofu ya mizimu, na jinsi mazungumzo yake na Najum yanavyotupa nafasi ya kupumua, bila kugusa kilichotokea mwishoni.

Jambo jingine la kumwambia msomaji ni kama mwandishi amecheza haki. Dalili zilikuwepo, au jibu limeshuka kutoka mbinguni? "Nilipomaliza nilirudi nyuma, nikazikuta dalili zote mahali pake" ni sifa kubwa sana kwa riwaya ya aina hii, na haimtaji mtu.

Jijini London kuna mchezo wa kuigiza wa Agatha Christie ulioanza kuonyeshwa mwaka 1952, na mpaka leo desturi yake ni ile ile: mwisho wa onyesho watazamaji huombwa wasimwambie mtu nani muuaji. Sisi tunashindwa kunyamaza siku mbili.

Kichwa cha kitabu chenyewe kinafichua. Nifanyeje?

Nenda hatua alizokwenda mwandishi, usiongeze hata moja. Tamthilia ya Kithaka wa Mberia, *Kifo Kisimani*, imetangaza kifo na mahali pake kwenye jalada. Kwa hiyo kusema kuna kifo si kosa. Nani anakufa, kwa mkono wa nani na kwa nini, hayo hayako kwenye jalada, na kwako yasiwepo.

Waandishi wetu wanapenda pia kuazima misemo na methali. Ukiona *Kidagaa Kimemwozea* cha Ken Walibora unajua mtu atafikwa na aibu kabla ya kitabu kwisha. Lakini "mwozea" huyo ni nani? Mimi ningetumia nusu aya kueleza msemo wenyewe kwa msomaji wa bara asiyeuzoea, nikaishia hapo.

Kitabu kikishakuwa cha zamani, siri yake si imekwisha?

Kila mwaka kuna kijana wa miaka 16 anayekifungua kwa mara ya kwanza. Kwake ni kipya.

Hata hivyo nakubali kuna hadithi ambazo mwisho wake ni mali ya wote. Nani pwani hajui yaliyompata Fumo Liyongo? Wazee walikuwa wakisimulia, na Muhammad Kijumwa alipoutunga utenzi wake mwaka 1913 hakuwa akimfichia mtu kitu. Watu walisikiliza ili wasikie mizani, vina, ule mpango wa kumtorosha gerezani, na sauti ya anayeghani. Ukiandika kuhusu tenzi za aina hiyo, uhuru wako ni mkubwa. Mimi bado sisemi hapa aliuawaje. Aliyesoma anajua, na asiyejua akamuulize bibi yake, atasimuliwa vizuri kuliko nitakavyofanya mimi.

Nasikia utafiti umeonyesha kwamba kujua mwisho hakuharibu kitu. Kweli?

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi 12 wazisome. Walioambiwa mwisho mapema walizifurahia zaidi kwa wastani kuliko wasioambiwa. Habari hiyo ilienea haraka, na wamwagaji mtama wote wakapata hoja. Lakini utafiti mwingine uliofuata mwaka 2015 ulipata kinyume: wasiojua mwisho ndio waliosisimka zaidi.

Tuseme hata wa 2011 walikuwa sahihi. Hadithi fupi ya nusu saa si riwaya ya wiki mbili. Na zaidi ya hapo, anayependa kujua mwisho anaweza kufunua ukurasa wa mwisho mwenyewe, lakini uliyemwambia wewe hawezi kusahau. Uamuzi si wako.

Sasa nisiposimulia kisa, nijaze nini?

Swali hili ndilo ninalolipenda, kwa sababu anayeuliza ameshagundua kwamba mapitio yake ya zamani yalikuwa muhtasari wenye sentensi mbili za sifa mkiani.

Anza na Kiswahili cha kitabu. Ni cha wapi? Riwaya ya Mzanzibari na ya mtu wa Mwanza zinaweza kusimulia jambo lile lile na zikasikika kama ngoma mbili tofauti. Mazungumzo yanasemeka, au wahusika wote wanaongea kama taarifa ya habari? Konda wa daladala anaongea kama konda, au mwandishi amemvalisha tai? Sikiliza kwa sikio lako na umwambie msomaji ulichosikia, kwa mfano mmoja wa maneno kumi au kumi na tano kutoka sura za mwanzo.

Kisha mwendo. Mahali gani ulisoma mpaka chai ikapoa, na mahali gani ulifunga kitabu ukaenda kufua? Unaweza kutaja sura bila kutaja kilichomo: "Sura ya tatu na ya nne zinavuta mguu; ukivuka hapo utakesha." Hii ni habari yenye thamani kubwa kwa msomaji, maana wengi wangekiacha kwenye sura ya tatu.

Mandhari nayo haifichui chochote. Kama mwandishi ameiandika Mombasa ukasikia jasho na harufu ya viazi karai, sema. Kama ameandika Mombasa ambayo ingeweza kuwa mji wowote wenye bahari, sema vilevile. Ukiwa mwenyeji wa mahali hapo, maoni yako yana uzito kuliko ya mhakiki yeyote wa mbali.

Namna ya kusimulia inajadilika pia, ila kwa uangalifu. Kusema "kisa kinakwenda mbele na nyuma kwa visengere nyuma, na mara mbili nilipotea" ni sawa. Kusema msimuliaji anaongea kutoka kaburini si sawa, isipokuwa kama anatuambia hivyo ukurasa wa kwanza.

Halafu kuna mambo ambayo wahakiki wakubwa huona aibu kuyataja, na wanunuzi huyauliza kwanza. Kitabu kimefungwa vizuri, au kurasa zinachomoka siku ya pili? Maandishi yanasomeka na mtu wa miaka 60? Makosa ya chapa ni mangapi? Kinafaa mtoto wa darasa la sita, au kina mambo ya chumbani? Yaandike bila haya.

Mwisho, sema kinamfaa nani. "Kama huwapendi waandishi wanaohubiri, hiki kiache" ni sentensi ya haki kwa mwandishi na kwa mnunuzi.

Tatizo langu na kitabu liko kwenye mwisho wenyewe. Nitalalamikaje?

Taja aina ya kosa, usitaje tukio. Badala ya "haiwezekani Rehema amsamehe mumewe baada ya yale yote", andika "katika kurasa 20 za mwisho, mhusika mkuu anaamua jambo ambalo kurasa 200 za nyuma hazikumwandaa kuliamua". Atakayesoma kitabu atafika pale akakumbuka maneno yako, akaona kama anakubaliana nawe.

Ikiwa hoja yako haisemeki bila tukio lenyewe, tenga sehemu. Maliza mapitio kwanza, weka hukumu yako, ndipo uandike kwa herufi kubwa kwamba sehemu inayofuata ni ya waliokwisha kusoma.

Tahadhari ya hivyo inatosha?

Inatosha ikiwa imewekwa mbali na siri. Kwenye WhatsApp watu huandika "tahadhari, naeleza mwisho" halafu mstari unaofuata ndio mwisho wenyewe. Jicho lina mbio kuliko nia njema. Acha nafasi, au tuma ujumbe wa pili kwa anayeuomba. Kumbuka pia kwamba mistari ya kwanza ya ujumbe huonekana kwenye kioo cha simu hata mtu hajaufungua, na kwamba kichwa cha habari hakina pa kujificha.

Na vitabu visivyo riwaya?

Mkusanyiko wa hadithi fupi ndio mgumu kuliko vyote, kwa kuwa hadithi ya kurasa sita ukieleza tatu umeimaliza. Chagua mbili tu, toa hali ya kuanzia ya kila moja, basi. Diwani ya mashairi haina cha kumwaga, jiachie. Wasifu wa mtu maarufu hauna siri kubwa pia, isipokuwa kama mwandishi amefukua jambo jipya na ndilo linalouza kitabu.

Tafsiri ina raha yake. *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ilifika kwa wasomaji wa Kiswahili mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Wengine walikuwa wameshaisoma, wengine ndiyo kwanza. Ukizungumzia Kiswahili chake, jinsi maneno ya pwani yalivyorudi nyumbani, utawahudumia wote bila kumkwaza yeyote.

Mwandishi ni rafiki yangu, au nimepewa nakala bure. Niseme?

Sema, mstari wa kwanza au wa pili. Na usimruhusu asome mapitio kabla hayajatoka.

Yawe marefu kiasi gani?

Maneno 400 hadi 700. Ukizidi hapo, kagua: kwa kawaida kilichozidi ni kisa.

Nimeshamwaga. Nifanyeje?

Futa sasa hivi, halafu uombe radhi bila kurudia ulichokisema. Nimeona watu wakiandika "samahani kwa kusema kwamba Sudi anakufa", wakawapa habari hata wale waliokuwa hawajaisoma ya kwanza.

Kama aliyeumia ni mtu unayemjua, mpe kitabu kingine. Binamu yangu nilimnunulia riwaya ambayo sikuwa nimeisoma, ili nisiwe na la kumwambia. Aliimaliza kwa siku nne, akanipigia tena. Aliniambia niisome upesi, akaanza kueleza kwa nini, na ikabidi nikate simu.